Alama kwenye Mdeki

Shamba lao na langu yalitenganishwa na mfereji mwembamba ambao hata mbuzi mwenye mimba angeuvuka bila kufikiria. Kwa hiyo ninayoyasimulia hapa, mengine niliyaona kwa macho yangu, na mengine alinieleza mwenyewe mke wa Kimya, tukipukuchua mahindi, yeye akiwa amenipa mgongo nusu.

Kimya lilikuwa jina la utani la mumewe. Hakuwa bubu wala mtu wa kununa. Kwenye maongezi alikuwa mcheshi, na akianza kisa cha fundi cherehani aliyejishona mkono wa shati kwenye suruali ya mteja, watu walishika mbavu. Jina lilitokana na gobori. Alikuwa na bunduki ya kizamani aliyoachiwa na baba yake, ile ya kushindilia baruti kupitia mdomo wa mtutu, na alikuwa na kibali chake kilichokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni. Alipoanza kuishindilia hakutaka kusikia sauti ya mtu. Ukimsalimia hakuitikia. Ukikohoa alikutazama mpaka ukajuta kuwa na koo.

Mashamba yetu yalipakana na msitu, na msitu ulikuwa wa nyani. Hawakuja kwa kunyemelea. Walisubiri jua lipande, wakakaa juu ya vichuguu wakijikuna, kama watu waliokwisha kuagiza chakula na wanangoja kuletewa. Kisha walishuka. Kundi moja lilimaliza kwa asubuhi moja kile ulichopalilia miezi mitatu. Ni gobori la Kimya peke yake lililotuwezesha sisi sote upande ule kuvuna.

Mkewe alimtazama akilishindilia kwa miaka kumi na sita, tangu baba mkwe alipowaachia. Mwenyewe alikuwa hajawahi kuligusa, ila hatua zote alizijua. Kwanza Kimya alisimamisha bunduki, kitako chini, mdomo wa mtutu ukitazama juu, mbali na uso wake. Alitumbukiza mdeki, ule ufito mrefu wa kushindilia, kuhakikisha ndani hamna kitu. Kwenye mdeki alikuwa amekata alama mbili kwa kisu: moja ya mtutu mtupu, nyingine ya mtutu ulioshiba. Alipoona ni mtupu, alimimina baruti kwa kipimo cha ncha ya pembe, akagonga ubavu wa bunduki kwa kiganja ili baruti yote ishuke. Juu yake alitia kizibo cha nyuzi za gunia, akakishindilia mpaka mdeki ukamrukia mkononi. Halafu marisau, zile punje za risasi, kwa kipimo kilekile. Halafu kizibo kingine chembamba cha karatasi, hiki alikibonyeza tu. Mwisho alirudisha macho kwenye alama: ile ya mtutu ulioshiba ilitakiwa ilingane sawasawa na mdomo wa mtutu. Fataki, kile kikofia kidogo cha shaba kinachowasha baruti, ilivishwa wakati wa kupiga, akiwa ameshamwona anayempiga.

Siku ile simu ilipigwa kwangu, kwa sababu yao ilikuwa haina chaji. Mtoto wao wa pekee, binti, alikuwa ameolewa mbali na alikuwa na mimba ya kwanza. Aliyepiga alikuwa mama mkwe wake. Aliniambia maneno machache, nami nikavuka mfereji nikayafikisha kwa mke wa Kimya kama nilivyoyapokea. Hakulia. Alifungua kitambaa cha kichwani akakifunga tena, akaelekea kibandani mwisho wa shamba, kule mumewe alikokuwa akilinda.

Alimkuta anamalizia kubonyeza kizibo cha karatasi. Kilichobaki ilikuwa kuangalia alama na kungoja nyani. Mama yule akasahau sharti la miaka kumi na sita.

"Baba," alimwambia, "mtoto amezaliwa amekufa."

Kimya aliegemeza bunduki kwenye nguzo ya kibanda. Akakaa chini, si kwenye kigoda, chini kabisa kwenye vumbi. Baada ya muda akauliza kuhusu mama wa mtoto, akaambiwa ni mzima, ila hajasema neno tangu asubuhi. Akauliza kama alikuwa wa kiume au wa kike. Mkewe hakujua, hakuna aliyekumbuka kuuliza, hata mimi kwenye simu. Wakakaa hivyo, bega kwa bega, mpaka waliposikia mahindi yanavunjwa. Nyani walikuwa wameshashuka, tena wengi.

Kimya aliinuka. Alichukua bunduki pale nguzoni, akaisimamisha, na akaanza mwanzo. Hakutumbukiza mdeki kupima. Alimimina baruti. Akatia kizibo. Akashindilia. Akamimina marisau juu.

Mkewe aliona. Aliona mdeki umekataa kuzama, alama ya mtutu ulioshiba imesimama vidole vinne juu ya mdomo wa bunduki. Aliniambia kwamba alifungua kinywa. Halafu akajiuliza yeye ni nani wa kumsahihisha mtu ambaye hajakosea hata mara moja tangu amjue, na kwamba siku hiyo sharti alikuwa ameshalivunja mara moja, na lililotoka kinywani mwake lilimwangusha mume chini kwenye vumbi. Akakifunga.

Mlio wa kawaida wa gobori ulikuwa mzito, kama gunia la chumvi likitupwa chini kutoka kwenye lori, na baada yake moshi mweupe wenye harufu ya mayai yaliyooza. Ule wa siku ile nauita mlio kwa kukosa neno jingine. Ilikuwa kama bati linalochanwa. Nilikimbia nikavuka mfereji. Nilimkuta Kimya bado amesimama, kitako cha bunduki kimebaki kwenye mkono wa kulia, na mkono wa kushoto haukuwa mkono tena. Upande wa kushoto wa uso ulikuwa mweusi na unametameta. Alikuwa akimuuliza mkewe kwa sauti ya chini, ya kawaida kabisa, kama amempata yule nyani mkubwa.

Nilimfunga kwa kitambaa changu cha kichwani na kamba ya ndoo. Njia nzima ya hospitali mkewe alimshikilia kichwa.

Walimkata mkono hapo kwenye kifundo. Jicho la kushoto walilitoa. La kulia walimwachia, lakini lilibaki na ukungu uliozidi mwezi hadi mwezi, mpaka akawa anaona mwanga na vivuli tu. Wodi ilikuwa na vitanda kumi na viwili na bomba moja lililodondosha maji mchana kutwa ndani ya beseni la bati. Siku ya nne, akiwa ameelekea ukutani, Kimya alisema neno lake la kwanza lenye maana.

"Ni baruti," alisema. "Baruti ilikuwa mbovu."

Sasa hapo ndipo anapoingia mdogo wake. Tulimwita Fataki, kwa kuwa duka lake ndilo pekee lililokuwa na kibali cha kuuza baruti na fataki katika eneo letu, na pia kwa kuwa alikuwa mtu wa kuruka kwa jambo dogo. Yeye na Kimya walinyonya ziwa moja. Alifika hospitali siku hiyohiyo na chupa ya uji. Kimya alimuuliza alichanganya nini kwenye baruti. Fataki akasema hakuchanganya kitu, na kwamba amekwenda shamba akaviona vile vipande vya mtutu, na havikupasukia chini pale baruti inapokaa. Vilipasukia juu yake kwa shubiri nzima. "Kaka, mlikuwa na mizigo miwili humo ndani," alisema. Kimya alimtemea mate. Yalitua kwenye shati, na Fataki hakuyafuta. Aliweka chupa ya uji juu ya kabati akatoka.

Mkewe Kimya alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda.

Nilimuuliza, miaka baadaye, kwa nini hakusema pale. Alisema mtu aliyekuwa mbele yake amepoteza mkono, jicho na mjukuu katika siku moja, na alikuwa amepata kitu kimoja cha kushikilia, hasira. Akimnyang'anya, angebaki na nini? Alijiambia atasema akipona. Alipopona, polisi walikuwa wameshakuja wakabeba makopo ya baruti kwenda kuyapima na kuweka kufuli yao kwenye mlango wa duka. Majibu ya vipimo hayakuja. Kibali hakikurudi. Watu walianza kuvuka barabara wakimwona Fataki, na mimi siwezi kujitoa humo. Kulikuwa na wiki niliyovuka barabara mara mbili kwa siku moja. Shuleni watoto wake waliitwa watoto wa mkata mikono. Baada ya miezi saba alipakia vitu vyake kwenye lori akahamia kwenye machimbo ya mawe, mwendo wa nusu siku, akawa mponda kokoto. Mke wa Kimya alikwenda kuwaaga. Alimbeba binti yao mdogo mpaka kwenye lori, akamkalisha juu ya godoro lililokunjwa.

Misimu miwili tulivuna mabua. Tulipiga madebe, tuliwasha matairi, tulipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Nyani wana dharau kwa wanawake, hilo nawaapia. Mke wa Kimya alivaa koti la mumewe, suruali yake na kofia, akatembea kwa hatua ndefu. Nyani mmoja alimtazama kwa makini tangu kofia hadi miguu, akang'oa hindi jingine, akaendelea kumenya.

Hapo ndipo alipokwenda kwa mjomba wa mumewe, mzee aliyekuwa na gobori lililolala juu ya kabati, akaliomba. Mzee alikubali. Ofisi ya vibali ilichukua muda zaidi. Ofisa alimfanyia utani, akamuuliza kama silaha ni ya kulinda mahindi au kumlinda mume asitoroke. Alimjibu kwamba vyote viwili vimebaki nusu, na ofisa akainamisha kichwa akagonga muhuri.

Kimya ndiye aliyemfundisha. Walikaa uani asubuhi, yeye kwenye kiti chenye mgongo uliovunjika, mkewe amesimama na bunduki. Alikuwa haoni, lakini alikuwa amegundua kwamba anaweza kusikia. Mdeki ukigonga chini kwenye mtutu mtupu, alisema, unalia wembamba, mti kwa chuma. Ukigonga juu ya mzigo unalia kama mtu anayegonga mlango wa chumba kilichojaa nguo. Alimfanya arudie mara hamsini bila baruti. Alimkatiza kwa makusudi. Alipokuwa katikati ya kumimina, alimuuliza kama mbuzi amefungwa, au chumvi imekwisha.

"Umeshatia baruti?" alimuuliza ghafla.

"Nimetia. Nadhani nimetia."

"Hakuna kudhani. Ukikatizwa, hesabu yako imekufa. Tumbukiza mdeki, uangalie alama. Hata kama una uhakika. Hasa kama una uhakika."

Aliniambia kwamba alitumbukiza mdeki, akaangalia ile alama mpya aliyoikata mwenyewe, na akauacha mdeki humohumo ndani. Kimya hakuusikia ukitoka, akamuuliza ana nini.

"Siku ile alama ilikuwa juu," alisema. "Vidole vinne."

Kimya hakuuliza siku gani.

"Uliiona?"

"Niliiona."

"Ukanyamaza."

"Ulikuwa unashindilia."

Kuku walikuwa wakichakura chini ya kiti, aliniambia, na alikumbuka akiwaza kwamba wangemmwagia mumewe vumbi miguuni. Kimya alikaa na mkono wake mmoja juu ya goti. Alipozungumza, alimwagiza aendelee. Amimine baruti ya kweli safari hii. Akamimina. Akashindilia kizibo, akatia marisau, akabonyeza karatasi, akapima. Alama ilikaa sawasawa. Kimya alimwambia aelekee kichuguu kilichokuwa nyuma ya uga, avishe fataki, ashikilie kitako kwenye bega kana kwamba anataka kukipitisha upande wa pili, na asifumbe macho.

Alipiga. Bega lilivimba kwa siku tano. Ile ndiyo ilikuwa risasi yake ya kwanza, na moshi ulipoondoka mumewe alikuwa ameshaingia ndani, akipapasa ukuta.

Siku tatu Kimya hakula alichopika mkewe. Alikunywa maji aliyojichotea mwenyewe mtungini, mengi yakimwagika. Siku ya nne alisema anataka kupelekwa machimboni.

Walifika mchana, jua la utosi. Fataki alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu katikati ya lundo la mawe, nyundo mkononi, nyusi nyeupe kwa vumbi. Alikuwa na kikohozi kifupi kikavu kilichomkatiza kila baada ya maneno machache. Aliwakaribisha kwa adabu. Aliwatafutia tairi jingine na kipande cha boksi, akawaletea maji kwenye kikombe kimoja. Kimya alisimulia yote, bila kupunguza, bila kumrushia mkewe lawama. Alisema tu kwamba alikosea yeye, na kwamba kuna shahidi.

Fataki alisikiliza hadi mwisho. "Kaka, kwamba ulishindilia mara mbili nililijua tangu siku niliyoviona vile vipande," alisema. "Nilikuambia, ukanitemea. Nikasema sawa, ni maumivu. Mtu haoni kosa lake akiwa kwenye maumivu, na hakuna mwingine aliyekuwapo." Akamgeukia mke wa kaka yake. "Kumbe alikuwapo. Shemeji, ulimbeba mwanangu mpaka kwenye lori."

Mama yule alisema ndiyo, alimbeba.

"Alikuwa analia, ukamfuta kamasi kwa nguo yako."

"Ndiyo."

"Basi," alisema Fataki. Akakohoa, akachukua nyundo. Kaka yake alimwomba msamaha. Fataki alisema tu kwamba wakitaka kufanya jambo la maana, waende wakayaseme hayo mbele ya waliochukua kibali chake, yaandikwe. Kisha akarudi kuponda. Walingoja kidogo, kisha wakaondoka, na mlio wa nyundo haukusita.

Mke wa Kimya alikwenda kuyasema. Alikwenda mara sita. Aliyefunga duka alikuwa amehamishwa, jalada halikuonekana, kisha likaonekana kwenye chumba kingine limeloa. Alieleza maneno yaleyale kwa watu wanne tofauti, na kila mmoja alipofika kwenye alama ya mdeki aliinua macho akamtazama upya. Mwishowe barua ilitoka. Ilisema kwamba baruti ya mwenye duka haikuwa na kasoro na kwamba yuko huru kuomba kibali tena.

Fataki hakuomba. Alikuja siku moja tu, asubuhi, ameoga, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Duka lake la zamani lilikuwa sasa la kushona nguo. Alimwomba fundi ruhusa kwa heshima, akaibandika barua mlangoni kwa gundi, pembe zote nne, akasimama kando yake tangu asubuhi hadi saa za mchana. Alisimama tu. Watu walipita, wakasoma, wengine wakamshika mkono. Mimi nilimshika mkono. Ulikuwa mgumu kama ubao na aliuondoa mapema. Mchana akapanda gari akarudi machimboni.

Baada ya hapo lawama zilihamia kwa mke wa Kimya. Wale waliovuka barabara kwa ajili ya Fataki walivuka kwa ajili yake, lakini nyani wakionekana walituma watu mbio wamwite aje na gobori. Alikwenda. Hakuwahi kukataa shamba la mtu. Alipiga vizuri kuliko mumewe. Nasema hivyo nikiwa najua uzito wake. Nyumbani, Kimya alirudi kula chakula cha mkewe. Asubuhi walikaa uani, mke akisafisha mtutu kwa maji ya moto mpaka maji meusi yakatoka meupe, mume akisikiliza. Walizungumza mambo ya mbuzi, mvua na barua za binti yao, ambaye hakupata mtoto mwingine. Jambo lile hawakulitaja tena. Nilimuuliza kama mumewe alimsamehe. Alisema hakumuuliza, kwa kuwa aliogopa angejibu.

Kimya alikufa mwaka wa nne tangu barua ile, kwa homa ya wiki moja. Fataki alikuja kuzika. Alikuwa amekonda sana na alitembea akipumzika. Alitupa udongo wake, akasimama hadi shimo likajaa, na watu walipokuwa wakitoa pole alimpita mjane bila kumpa mkono. Alifika kama hatua tano, akasimama, akarudi.

"Baruti unapata wapi sasa?" aliuliza.

Alimtajia duka la mjini.

"Ile ina unyevu," alisema Fataki. "Uianike kivulini kabla hujaitia. Si juani. Kivulini." Akakohoa, akaondoka.

Nyani hawajui msiba. Asubuhi ya pili yake walishuka kwenye shamba langu, na mjane alikuja akiwa bado na nguo za maziko. Nilisimama nyuma yake. Alisimamisha bunduki, akaanza. Nilikuwa na pole nyingi kinywani ambazo sikuwa nimezisema. Nilingoja mpaka amalize.